Yaya, Kamashini Nimeitoa Mbele ya Watu

Yaya Tambwe, kaka yangu,

Nimesema. Lile uliloniapisha nisilitamke kwa mtu, nimelitamka mbele ya ukoo mzima, mbele ya Mwalimu wa msikiti, mbele ya jirani yako Mama Kabedi ambaye ulimi wake unaujua. Siku ya arobaini yako nimeitoa kamashini, ile mashine yenu ndogo, chini ya kitanda chako, nikaiweka juu ya meza, hapo hapo sebuleni. Ukinikasirikia huko uliko, kasirika. Lakini nisikilize kwanza, maana hata mwizi husikilizwa, na mimi sikuiba kitu.

Nakuandikia kwa sababu tangu uende sijapata mtu wa kugombana naye. Asumani ni kaka yetu mkubwa, nikimjibu wanasema sina adabu. Feza, mke wako, yuko ndani ya eda, na tangu zamani yeye si mtu wa kugombana. Ni wewe tu uliyekuwa unaniacha nimalize maneno yangu yote, kisha unasema, "Umemaliza? Basi kuya tukule." Sasa nani ataniambia nije tukule, Yaya? Nauza samaki wangu wa Kasenga sokoni kutwa nzima, narudi nyumbani na maneno yote bado yako tumboni.

Wewe ulikufa Jumapili mchana. Feza amenisimulia mara nyingi, na kila mara anasimulia vile vile, haongezi wala hapunguzi. Mlikuwa mmefunga madirisha kama kawaida yenu, mmekaa mbele ya televisheni, kila mtu na kishikio chake mkononi. Alikuwa anakushinda. Ukapiga kelele, ukacheka, ukasema kifua kimechoka, ngoja ulale kidogo. Alipokuja kukuamsha kwa sala ya alasiri ulikuwa umekwisha kwenda. Hospitalini walisema ni moyo. Neno hilo lingetutosha, kama ungekuwa mtu wa kucheza kimya.

Hukuwa mtu wa kucheza kimya, na Mama Kabedi ukuta wake na wako ni mmoja. Siku ya mazishi, wanawake wakiwa kwenye masufuria, nilimsikia akisema, "Miye nilisikia na masikio yangu. Mwenyewe alikuwa analalamika mu nyumba: Feza, uko naniuwa! Feza, uko naniuwa! Nyuma ya pale, kimya tu." Akaongeza kwamba haikuwa mara ya kwanza. "Kila siku ya congé, hakuna kazi, tulikuwa tunasikiaka: nimekufwa, bibi, nimekufwa tena." Wali haujaiva, maneno yale yalikuwa yamekwisha kutoka jikoni na kufika uani kwa wanaume.

Asumani alikuwa amefika na treni kutoka Sakania. Unamjua. Hakulia kaburini, hakupandisha sauti. Alisema neno moja tu, "Mungu njo anabebaka bantu, lakini bantu njo banasukumaka," yaani kuna mkono wa mtu, kisha akanyamaza mpaka arobaini. Afadhali angepiga kelele. Siku zote zile dada zetu waliacha kula chakula cha Feza. Walikuja na maji yao ndani ya chupa kutoka makwao, wakanywa mbele yake. Feza aliona. Aliviosha vikombe vyake vilevile, akavipanga kwenye sinia, hakuna aliyevigusa. Ningekuwa mimi ningevitupa ukutani, ndiyo maana Mama alinipa jina la Mwavita.

Kama mngekuwa na mtoto, hata mmoja, nani angethubutu? Mwanamke mwenye mtoto wa marehemu mgongoni hawamgusi. Lakini Feza alikuwa peke yake, na alijua, na hakusema kitu. Alikuwa ameapa, kama mimi.

Unakumbuka vile nilivyojua? Nilikuja na beseni la samaki bila kutangaza, nikafika mlangoni, nikakusikia ndani: "Nimekufwa! Feza, umenimaliza!" Nilisukuma mlango kwa mguu, beseni likaanguka, samaki wakatapakaa mpaka chini ya viti. Na wewe uko pale juu ya mkeka na singlendi yako, miguu umekunja kama tulivyokuwa tunakaa chuoni mbele ya Mwalimu, mvi kichwani, machozi ya kicheko yanakutoka. Shefu wa tanuru la shaba! Mtu ambaye wafanyakazi wake wakisikia viatu vyake wanaficha sigara! Uko unasukuma kifimbo ili kisanduku cheupe kikimbie kisanduku cheusi ndani ya televisheni, visanduku vinarushiana vitone, na kitone kikikugusa unasema umekufa.

Nilikutukana huku naokota samaki. Nilisema mtu mzima akipata nafasi analala, au anasoma Msahafu wake, au anatembelea ndugu zake. Mchezo ni wa mtoto kwa sababu mtoto hana la kufanya. Nilisema yule Mgiriki wa Kasenga aliyekuachia kamashini alipofunga duka lake alikuwa anaondoa takataka nyumbani kwake, na wewe ukafurahi kama umepewa shamba. Ukaniacha nimalize. Kisha ukaniambia maneno ambayo tangu ufe yananirudia hata nikiwa napima samaki: "Ku kazi niko chef. Ku musikiti niko mzee. Ku Salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, niko militant, nakata majani ya barabara ya Chama. Sasa Tambwe eko wapi?"

Nikakujibu kwamba Tambwe yuko hapa, amekaa chini kama mtoto. Ukacheka. "Ku buvette beko nakunywa tangu asubuyi, hakuna mwenye kusema beko batoto. Miye nacheza na bibi yangu, unanitukana." Na Feza, aliyekuwa ananisaidia kuokota samaki, akasema polepole bila kunitazama, "Nyumba bila mutoto, Mwavita, kelele itatoka wapi?" Nikaendelea kuokota samaki.

Ndipo ukatuapisha wote wawili kwa kaburi la Mama. Ulikuwa na sababu zako. Msikiti ulikuchagua kuwapatanisha watu na wake zao. "Nani atakuya kunielezea ndoa yake, akijua natoka kufukuzana na kadoti ku televizyo?" Tena uliogopa watu wa Chama watauliza kitu kile kilipita mpaka gani. Nikaapa. Niliona ni jambo dogo, mchezo, nani atakuja kuuliza?

Wakaja kuuliza.

Baada ya dua ya arobaini, wageni wa mbali walipoondoka, Asumani alisema familia ibaki ili tuulize kifo. Tukaketi sebuleni kwako. Mwalimu alibaki kwa sababu Asumani alimwomba, na alikuwa anatazama saa yake, nadhani alitaka kwenda nyumbani. Feza alikaa nyuma ya pazia la chumba, kama eda inavyotaka, tukaona tu kivuli cha miguu yake chini ya kitambaa. Mama Kabedi alisema yake. Alisema sawasawa, Yaya, sitamsingizia. Hakuongeza kitu. Alisikia alichosikia, na mimi mwenyewe siku ile mlangoni nilisikia vilevile nikamwaga samaki.

Kisha Asumani akauliza swali lake. Kama angeuliza, "Ulimuua?" Feza angeweka mkono juu ya Msahafu na kuapa kwamba hapana, na sote tungekwenda kulala. Lakini Asumani ni mfanyabiashara wa mpakani, anajua kumfunga mtu. Aliuweka Msahafu kwenye kiti kidogo karibu na pazia, akasema, "Weka mukono pale, uape: ile siku Tambwe hakusema uko namuuwa."

Mkono wa Feza ukatoka chini ya pazia. Ni mkono tu tuliouona, na bangili ile ya shaba uliyompa. Ukaenda mpaka karibu ya kitabu, ukasimama hewani. Halafu ukarudi ndani.

"Alisema," tukamsikia. "Kweli alisema."

Dada zetu wakapiga ukelele kama siku ya mazishi. Asumani hakufurahi, hilo nalo nakuambia, uso wake ulikuwa wa mtu aliyemezeshwa dawa chungu. Akasema, "Mumesikia benyewe." Akaamua Feza aondoke siku ileile, eda au si eda. Vitu vibaki. Wanaume wawili wa ukoo wampeleke kwao Kasenga, wawaambie wazee wake sababu. Unajua maana yake. Mwanamke akirudishwa kwao na neno kama hilo, hata dada yake wa tumbo moja hatakunywa maji ya mtungi wake. Angeishi hivyo mpaka kufa, kwa sababu hakutaka kusema uongo juu ya Msahafu na hakutaka kuvunja kiapo alichokupa.

Nilitazama viatu vya Mwalimu. Nilifikiri jina lako, vile watu walivyolitaja vizuri kwenye dua. Mzee Tambwe, mpatanishi. Mzee Tambwe, mtu mzito. Nilifikiri kaburi la Mama. Halafu nikafikiri jambo ambalo utanisamehe: wewe ulikuwa umekufa tayari. Feza alikuwa bado.

Nikasimama, nikasema, "Walikuwa wanacheza."

Hakuna aliyeelewa. Dada yetu mmoja akauliza, "Ngoma?" Nikasema hapana, mchezo, kwa televisheni, mashine ya mchezo, ukishindwa unasema umekufa. Yaya, walinitazama kama nimechanganyikiwa. Walikuwa tayari kuamini kwamba mke wako alikuua, lakini si kwamba wewe ulicheza. Asumani akanigeukia na jicho lile la Baba. "Mwavita, uko navua ndugu yako nguo mu kaburi." Mama Kabedi naye akatikisa kichwa, "Ah, Mzee Tambwe? Hapana. Ile ni bongo, ni uongo."

Basi nikaingia chumbani, nikapiga magoti, nikaivuta kamashini na nyaya zake zote. Nikaiweka juu ya meza. Na hapo nikakwama, kwa sababu mimi kazi yangu ilikuwa kuitukana, sikujifunza kamwe kuifunga. Nyaya mkononi kama mtu aliyeshika matumbo ya kuku. Nikasikia mtu ananicheka kwa pua. Nikaita, "Feza."

Pazia likafunguka. Alitoka na nguo zake za eda, kitambaa amekivuta mpaka machoni, Mwalimu akageuza uso. Akapiga magoti nyuma ya televisheni, vidole vyake vikaenda vyenyewe, huu hapa, ule pale, hakutafuta. Televisheni ikachelewa kuwaka kama kawaida yake. Kisha vile visanduku viwili vikatokea, cheupe na cheusi, vimesimama vinangoja. Feza akavitazama kidogo tu, akarudi nyuma ya pazia. Nikamsikia analia.

Nikamnyoshea Asumani kishikio. Akasema yeye si mtoto. Nikabaki na mkono wangu hewani. Mwalimu akasema kwa kuchoka, "Shika, tujue." Akashika kwa ncha za vidole, kama kitu kilichotoka jalalani.

Mimi sijui kucheza, lakini yeye alijua kidogo hata kuliko mimi. Nikampata. Akauliza imekuwaje. Nikampata tena. Akakaa vizuri kwenye kiti. Mara ya tatu aliinama mbele, bega moja juu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, vile vile ulivyokuwa unafanya wewe, sikujua kama ni kitu cha damu. Alianza kunifukuza. Akanikosa, nikageuka, nikarusha, naye akaruka kutoka kwenye kiti: "Weye! Uko naniuwa, weye mutoto!"

Akasikia alichosema. Wote tulisikia. Mama Kabedi alijifunika mdomo kwa mikono miwili, akasema ndani ya vidole, "Njo ile. Njo ile sauti."

Asumani alibaki amesimama na kishikio. Ndani ya televisheni, ukifa, kisanduku chako kinazaliwa tena pembeni, saa hiyohiyo, kama hakuna kilichotokea. Chake kilikuwa pale kinamngoja. Nilikitazama, Yaya, na mimi pia nikatazama ile pembe muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili. Halafu kaka yetu mkubwa, ambaye hakulia kaburini, akaketi, akasema kwa sauti ndogo, "Tena."

Tukacheza tena. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka ndevuni na kidole chake kinabonyeza. Hakuna aliyethubutu kutuzuia, na Mwalimu aliacha kutazama saa yake.

Hakumwomba Feza msamaha, usitegemee makubwa. Alisema tu kwamba mke wa Tambwe atamaliza eda yake ndani ya nyumba ya Tambwe, na vitu vyake ni vyake. Kisha akawaambia dada zetu wapakue chakula kutoka sufuria la Feza, naye akala wa kwanza. Kesho yake alipanda treni.

Sasa nikuambie gharama, maana sitaki usikie kwa wengine wanaokuja huko. Mji mzima unajua. Msikitini wanatabasamu wakitaja jina lako. Wafanyakazi wako wa tanuru wanaonyeshana kwa mikono vile ulivyokuwa unasukuma kifimbo. Mwanamume mmoja sokoni alisema mbele ya meza yangu, "Kumbe mzee alikuwa mutoto," nikamrushia maneno ambayo Mama asingependa, na hakununua samaki. Jina lako limepungua uzito, na mimi ndiye niliyelipunguza. Ningefanya tena.

Lakini kuna jambo jingine. Wale mabwana na mabibi uliokuwa unawapatanisha, mmoja wao, mwanamke, alikuja kwa Feza na sukari. Akakaa. Akauliza polepole kama ni kweli mlikuwa mnacheza wote wawili, mume na mke. Feza akasema ndiyo. Yule mwanamke akasema, "Miye na wangu hatujacheka pamoja tangu mwaka gani, sijui." Akaenda zake.

Utataka kujua kama nimebadilika. Si sana. Bado naona mtu mzima akikaa mbele ya kitu kile kila siku, mji utaota majani. Na sijui kama kicheko kile hakikuukaza moyo wako siku ile. Usiku mwingine naichukia kamashini mpaka nataka kuitupa. Lakini nakuambia wazi jambo ambalo sikukuambia ukiwa hai: niliwaonea wivu. Mume wangu anarudi kazini, anakula, anauliza sabuni iko wapi, analala. Ni mtu mwema. Hatujawahi kuuana hata mara moja.

Nakukosa, Yaya. Hilo nalo nilitaka kulisema bila kulizungusha.

Eda ikiisha, Feza anataka kwenda Kasenga kuwaona wazee wake. Nitapanda gari pamoja naye, nitaingia nyumba ya kwao mbele yake, nitakula, nitakunywa maji, ili kila mtu aone wifi yake amemleta kwa mkono. Kisha nitamrudisha nyumbani kwako, hapa mtaani Bel-Air.

Nakuaga sasa. Ile ahadi ya kwanza imevunjika, nakupa nyingine, na hii nitaishika mpaka tukutane. Mtu akiniomba nimfichie aibu yake, nitamfichia. Akiniomba nimfichie furaha yake, nitakataa palepale, hata awe ndugu yangu, hata aniapishe kwa nani. Mlicheka kwa siri, Yaya, na watu wakasikia kilio.

Lala salama. Feza anakusalimu. Leo amekula.

Mdogo wako,
Mwavita